Mpini wa Mwikwabe wakataa kusogea

Saa mbili na robo asubuhi, jua la Homa Bay limeshaanza kuchoma mabati ya karakana, na Mwikwabe hajaweza kusogeza kitu. Amekaa mbele ya kompyuta, kiganja chake kikubwa kimekifunika kipanya chote kama mtu aliyekamata kifaranga. Kwenye skrini imesimama mashine ya kukoboa njugu: miguu minne, pipa la nusu duara, na mpini mrefu wa kusukuma huku na huku. Anauvuta mpini. Haukubali. Sentensi ya Kiingereza inajitokeza, na mlio mfupi unatoka.

"Imenitukana tena," anasema.

Ni Jumatano. Sentensi hiyo ameiona tangu Jumatatu.

Mwikwabe ana miaka arobaini na minne. Alizaliwa Kehancha, upande wa Migori karibu na mpaka wa Tanzania, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mashine za njugu kama hii ametengeneza zaidi ya sitini, bila mchoro, kwa jicho tu.

Ni jicho hilo lililomleta kwenye kiti hiki. Machi mwaka huu wa 1998, daktari alimwambia aache moto wa kuchomelea, la sivyo jicho la kushoto halitamaliza miaka miwili. Karakana inamlipa shilingi elfu nne na mia tano kwa mwezi, na watoto wanne wako shuleni. Kazi pekee humo isiyo na moto ni ya meza hii, ya kuchora mashine kwa kompyuta iliyotolewa na wafadhili.

Meneja, Bwana Ongeri, alimpa hadi Ijumaa. Mpini usogee kwenye skrini kama unavyosogea mikononi mwa akina mama wa njugu. Usiposogea, kiti kitapewa mchoraji mwenye diploma kutoka Kisumu.

"Nyumbani siwezi kukaa," anasema Mwikwabe. "Nitafanya nini huko? Nihesabu kuku?"

Mlangoni anapita Kerosi, fundi mwenzake, kofia ya kuchomelea ikiwa kichwani. "Mzee, hiyo panya bado inakushinda? Leta paka."

"Wewe choma geti yako, Kerosi."

Saa tatu anafika mwalimu wake, Liz, binti wa miaka ishirini na mitano kutoka Asumbi, anayefundisha hapa siku moja kwa wiki. Mwikwabe anamwita mwalimu. Yeye anamwita baba. Liz anamwomba aeleze alichofanya, hatua kwa hatua.

"Niliweka miguu, nikaishikiza. Nikaweka pipa, nikalishikiza. Halafu mpini na pini yake, nikashikiza."

"Umeshikiza kila kitu, baba?"

"Sasa mwalimu, nisiposhikiza si itaanguka?"

Liz anatabasamu. Anayemsikiliza ni fundi wa kweli, na ndiyo sababu amekosea. Mafundi wa huku, kabla ya kuunga kiungo chochote, hupiga nukta mbili tatu za moto ili vipande visihame wakati wa kupima. Kiungo kikishakaa sawa, nyundo hugonga mara moja, nukta hukatika, na kipande kinachotakiwa kucheza hucheza. Mwikwabe alifanya vivyo hivyo kwenye skrini. Ila humo hakuna nyundo, na kilichoshikizwa kimeshikizwa.

"Huku hakuna kuanguka," Liz anamwambia. "Hata ukiacha kipande hewani, kinakaa."

Mwikwabe anaigusa skrini kwa kidole, chini ya miguu ya mashine. "Na uzito umeenda wapi?"

Liz alimwonyesha jinsi ya kufungua vipande na jinsi ya kuweka kiungo cha kuzunguka: mpini uruhusiwe kuizunguka pini tu, usiende pengine. Saa sita aliondoka, kwani ana wanafunzi wengine Rongo.

Mchana huo Mwikwabe alifungua kila kitu, hata miguu. Alipouvuta mpini, mashine nzima iliufuata, ikapaa hadi pembeni mwa skrini. Alizunguka kiti mara mbili, akatoka nje kunywa maji, akarudi. Mashine ya njugu hukaa chini, akajiambia. Basi ni miguu tu ya kushikiza. Akaishikiza.

Alhamisi asubuhi mpini ulizunguka. Ulizunguka kupita kiasi. Ulishuka, ukaingia ndani ya pipa, ukatokea upande wa pili, ukapanda tena kama mshale wa saa.

"Chuma kimepita ndani ya chuma," alimwambia Kerosi kwa sauti ya chini, "na hakuna kilichokwaruzika."

Kerosi aliinama akatazama. Safari hii hakuwa na utani.

Karakanani hakuna anayeuambia mpini usimame wapi. Ukingo wa pipa huuzuia. Kwenye skrini ukingo ulikuwa picha tu. Mwikwabe alichukua chaki, akaenda kwenye mashine ya zamani iliyo uani, akausukuma mpini hadi ulipogonga huku na kule, akaweka alama, akapima kwa kipimapembe. Digrii thelathini na tano kila upande. Namba hizo alizirudia mdomoni hadi alipoketi, akaziingiza kwenye kiungo.

Ijumaa saa nne Bwana Ongeri aliushika mpini kwa kipanya yeye mwenyewe. Ukaenda, ukasimama. Ukarudi, ukasimama.

"Kwa nini unakomea hapo?"

"Kwa sababu nimeuambia."

Meneja aliuvuta tena mara tatu, kisha akasema kiti ni chake hadi Desemba, halafu wataangalia tena.

Mwikwabe hajifanyi kuelewa. Akiongeza mkono wa pili wenye pini mbili, mashine hutetemeka na kusimama upande, na hajui sababu. Anataka kujua kabla ya Desemba.

Baada ya hapo ana mpango mmoja. Mchoro wake ukichapwa kwenye karatasi, ataupeleka Migori kwa fundi asiyemjua, aukabidhi, na kukaa kando bila kusema neno.

"Akitengeneza mashine bila kuniuliza, nitakuwa nimejua hii kazi," anasema. "Akiniuliza hata swali moja, narudi kwa mwalimu."