Nyuki Juu ya Boneti

Siku tulipomaliza matanga, shemeji yangu alisimama mbele ya kikao cha ukoo akasema gari la marehemu mume wangu liuzwe. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu. Nilivuta kanga mdomoni nikanyamaza. Nilitaka libaki, lakini hakuna aliyeniuliza.

Mume wangu alikuwa fundi magari hapa Ipuli, Tabora. Gari lile aliachiwa na Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, injini ikiwa imekufa. Lilikuwa jekundu, la chini, la viti viwili tu, aina ya yale yaliyokuwa yakishindana mbio zamani, sisi bado watoto. Alilifufua polepole, kifaa leo, kifaa mwakani. Majirani walimcheka.

"Fundi, watoto wamejaa nyumba nzima, unatengeneza gari la watu wawili?"

"Watoto wana miguu," aliwajibu. "Abiria wangu ni mama yao."

Kwa hiyo kiti cha kushoto kilikuwa changu. Jumapili baada ya misa tulizunguka taratibu hadi Mtendeni na kurudi. Mlango wa upande wangu ulikuwa umelegea bawaba. Ilibidi uunyanyue kidogo ndipo ufunge, na yeye alishuka kila mara kunifungia.

Gari hakulipaka dawa ya kung'arishia ya dukani. Tukitoka kurina asali Ipole, kwenye mizinga aliyoachiwa na baba yake, alichemsha masega, akachuja nta, akalisugua gari kwa vipande vya kanga zangu zilizochakaa. Jua likiwaka, bodi lilinukia asali na nyuki walikuja kutua juu ya boneti.

"Waache," alisema. "Wanakagua kazi yangu."

Shemeji alipomleta mnunuzi, kijana kutoka Dar es Salaam, gari lilikuwa linang'aa. Nilikuwa nimelipaka nta asubuhi ile ile. Sijui kwa nini. Mkono ulikuwa umezoea.

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

"Marahaba baba. Tumeshapoa."

Shemeji aliondoa turubai lililolifunika gari. Injini iliwaka mara moja, na yule kijana akafunga macho akiisikiliza kama mtu kanisani. Nikajua gari limekwenda. Ndipo jua lilipokolea. Akaja nyuki mmoja, kisha wengi. Kijana aliruka nyuma hadi ukutani.

"Eh! Mzee, humu kuna mzinga!"

"Nyuki wa Tabora hao, wanakaribisha wageni," shemeji alisema, akijaribu kucheka.

"Mimi nyuki siwawezi. Wakishaingia ndani ya bodi hawatoki. Hapana, mzee, tuache tu."

Alikuwa ameshashika geti. Shemeji anaishi Nzega, habari za nta hakuzijua. Alinigeukia.

"Shemeji, kweli kuna nyuki humo ndani?"

Sikuhitaji kusema uongo. Ningenyamaza tu, kama nilivyonyamaza kikaoni, na kijana angeondoka. Niliitazama ile boneti. Kazi yote ile, halafu watu waseme mume wangu aliacha gari bovu lililoingiliwa na nyuki.

"Hakuna," nilisema. "Ni nta niliyolipaka. Jua likishuka wanaondoka wenyewe."

"Kweli, mama?"

"Kweli, baba."

Akarudi. "Na ugonjwa wake mwingine ni upi?"

"Mlango wa kushoto tu. Umelegea."

Walielewana palepale. Kijana alishika usukani na kumwambia shemeji apande, wakamalizane mjini. Shemeji aliketi kwenye kiti changu, akavuta mlango. Haukufunga. Akauvuta tena kwa nguvu, ukagonga na kurudi, gari zima likatikisika.

"Shemeji, huu mlango vipi?"

"Utauvunja," nilisema.

Nilisogea. Nyuki walikuwa bado juu ya boneti. Niliunyanyua kidogo, nikamfungia.