Taa za Gari la Msiba

Aminiel alikuwa amechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaisha. Tangu kikundi cha kuzikana cha Moshono kimkabidhi gari la msiba, amewapeleka watu makaburini hadi majirani wakiliona limeegeshwa karibu na kwao wanashtuka. Dereva wa gari la namna hiyo hapungiwi mkono na mtu. Asubuhi hiyo ya masika alikuwa akimpeleka Abdiel kwao Akheri kuzikwa, na Abdiel alikuwa rafiki yake, na ndiye fundi umeme pekee aliyezijua tabia za gari lile.

Ugomvi wao ulikuwa taa. Gari lenyewe lilikuwa la zamani, la petroli, na alteneta inayochaji betri ilikuwa imezeeka pamoja nalo. Siku moja Abdiel alimkalisha gereji, akafunga kipimo kwenye waya, akajaribu globu moja baada ya nyingine mbele ya macho yake. Halojeni ya kawaida ilikula wati hamsini na tano. Zenoni, ikishatulia, thelathini na tano. LED ilikula ishirini na kitu tu, na mwanga wake ukawafanya wote wawili wafinye macho.

"Umeona?" alisema Abdiel. "Hii haifikii hata nusu ya hiyo yako. Alteneta imechoka, bwana. Ipunguzie mzigo."

"Nimeona. Lakini mwanga mweupe namna hii kwenye ukungu wa Oldonyo Sambu unageuka ukuta. Nitamzika mtu au nitajizika mimi?"

Kwa hilo la ukungu hakukosea. Kosa lilikuja baadaye, ubishi ulipompanda kichwani. Alikwenda mjini akanunua halojeni za wati mia, mia kila upande, akazifunga mwenyewe. Abdiel alipoziona alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo gari likizima njiani Aminiel humpigia simu, na Abdiel, hata salamu hajatoa, humwambia: "Zima taa kwanza, halafu tuongee."

Sasa gari la msiba halizimwi taa. Msafara huenda taa zikiwaka mchana kweupe ili wengine wapishe, na kwa wanakikundi wa Moshono, kuzizima kabla ya kufika ni sawa na kumshusha marehemu barabarani. Tena msafara huenda kwa mwendo wa pole. Injini inanguruma chini chini, alteneta inatoa umeme kiduchu, na zile globu mbili zinaendelea kunyonya wati mia mbili bila huruma.

Kwa hiyo toka Moshono hadi Tengeru, Aminiel hakuomba mbingu wala uzima wa milele. Aliomba gari lisizime. Lizime siku nyingine yoyote, limwaibishe mbele ya yeyote, ila si akiwa na Abdiel nyuma. Irine, mjane wa Abdiel, alikaa kando yake na mkoba mapajani. Mvua ilianza, na waipa zikawa zinajikokota juu ya kioo. Aminiel alizima feni ili kubana umeme. Kioo kikajaa mvuke, akakifuta kwa leso. Mkono wake ulitaka kwenda kwenye swichi ya taa, akaurudisha kwenye usukani.

Walipokunja kupandisha Akheri, migomba ikiwa imeinamia barabara pande zote mbili, gari lilikohoa. Likakohoa tena, likafa. Nyuma yake msafara mzima ukasimama, taa zote zikiwaka.

Alijaribu ufunguo. Betri ilitoa mlio mmoja mdogo, basi. Na kwa kuwa alikuwa amechoka, na kwa kuwa miaka yote gari likizima mkono wake hufanya jambo moja, alitoa simu, akabonyeza jina lililokuwa juu, akaiweka sikioni akisubiri kufokewa.

Simu ikaita ndani ya mkoba wa Irine.

Aminiel alitaka kukata, kidole kikakataa. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka moto. Irine alifungua mkoba taratibu, akaitazama ile simu ya mumewe ikiwa na jina la Aminiel kiooni. Akaipokea, akaiweka sikioni.

"Limezima?" aliuliza, akitazama mbele.

"Limezima, shemeji," Aminiel alisema kwenye simu yake, machozi yakimtoka. "Tumeshafika karibu na kwake kabisa, limezima."

"Zima taa kwanza," Irine alisema. "Halafu..."

Akaishusha simu mapajani.

Aminiel akazima taa. Nyuma, milango ya magari ilianza kufunguliwa, na wanaume wakashuka kwenye matope kuja kusukuma.