Wa Chini

Bugoye, juu kidogo ya mto Mubuku, parachichi huchumwa na watu wawili. Mmoja hupanda mtini akalirusha tunda, mwingine husimama chini na gunia mikononi, akalidaka. Kwa miaka thelathini na mmoja Ketura alikuwa wa chini. Wa juu alikuwa mumewe, Asanasio, ambaye hakurusha tunda kabla ya kuita, “Hiyo!”

Asanasio alizikwa Januari, katika majuma ya kupunguza matawi. Ketura alivua nguo za msiba, akashika panga na kuimalizia miti iliyobaki. Machi mvua zikashuka kutoka milimani, akapalilia. Mei akayaegemeza kwa nguzo matawi yaliyoelemewa. Siku nyingine ilimpita nzima bila kusikia sauti ya mtu, hata yake mwenyewe.

Parachichi zilipokomaa, alimpigia simu mwanawe Masereka, aliyeko Kampala.

“Ijumaa nakuja, mama.”

Ijumaa mbili zikapita. Ketura akatandika nyasi chini ya miti, akakunja sketi, akapanda mwenyewe. Akalikata tunda la kwanza, akafungua kinywa aite. Chini palikuwa na nyasi tu. Akaliachia.

Siku ya soko alisafiri na lori la Wahab, mchukuzi wa mazao, hadi Mpondwe mpakani. Laurentine, mama wa ng’ambo ya Kongo aliyenunua kwake miaka yote, alibonyeza tunda moja kwa kidole gumba, kisha la pili.

“Mama Masereka, hii matunda ilianguka. Kesho itakuwa nyeusi ndani. Baba Masereka iko wapi?”

Ketura alikuwa hajawahi kulazimika kulitamka jambo hilo. Huko kwao kila mtu alikuwepo mazishini.

“Alikufa. Mwezi wa kwanza.”

Laurentine akalirudisha tunda polepole, akamshika mkono. Walikaa hivyo katikati ya makelele ya wapagazi.

“Miti ngapi inabakia?”

“Kumi na mbili.”

“Nitakuya.”

Akaja kweli, Jumatatu, kitenge kimefungwa kiunoni. Matunda ya kwanza yalimpita, moja likamgonga bega, akacheka mpaka akaketi. Ketura naye akacheka juu ya tawi, kicheko kikamtoka kwa shida kama kitu kilichokwama. Kufikia mti wa tatu, Laurentine hakukosa hata moja. Kila mara Ketura aliita, “Hiyo!” na gunia likajibu kwa kishindo kidogo. Siku mbili wakamaliza.

Jumatano asubuhi Wahab alipakia magunia, na Laurentine akapanda mbele.

“Mwaka kesho tena, mama.”

“Mungu akipenda.”

Lori lilipopotea kwenye kona, Ketura alirudi shambani na kuziokota nyasi zilizopondeka. Agosti mvua zikaanza tena. Alibeba samadi ndoo kwa ndoo, shina baada ya shina, na hadi Jumapili kanisani hakusema na mtu.