Gari la Njia ya Masagati

Fundi wa Kibaoni, pale mjini kwetu, alipomaliza kuchomelea chesisi ya gari letu mara ya tatu, alizima mashine akaniambia waziwazi kwamba mara ya nne nisimletee. Marehemu mume wangu alilinunua gari lile likiwa kuukuu tayari, na kwa miaka mingi lilituvusha matope ya Masagati, yeye kwenye usukani, mimi nyuma juu ya magunia ya mpunga tuliyowabebea wakulima kwa malipo. Alipougua nikaushika usukani mimi. Alipofariki sikuuachia.

Hilo ndilo lililomkera shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Alitaka njia ile awe nayo yeye, mimi nikae nyumbani nipokee chochote atakachoniletea. Thubutu! Nisubiri kuletewa, mimi ninayejua kila korongo la njia ile? Ukoo ukakaa kikao, ukaamua niende Morogoro kununua gari jingine, ila niongozane na shemeji, kwa kuwa mwanamke peke yake atauziwa mkweche. Nilikubali shingo upande.

Kwenye yadi ya magari muuzaji alinipa kisogo tangu mwanzo. Nikiuliza mimi, anamjibu shemeji. Akatuonyesha gari jeupe lenye mkonga, lile bomba la hewa linalopanda hadi usawa wa paa, linang'aa ajabu. Akaapa kwamba lilikuwa la mzee mmoja wa mjini, halijawahi kukanyaga tope. Shemeji akalizunguka mara moja, akapiga teke tairi, akasema ni hilo hilo.

Nikavua kanga ya mabegani, nikaitandika chini, nikaingia uvunguni. Muuzaji akamwambia shemeji kwamba mama anatafuta kivuli, wakacheka wote wawili. Nilisikia, nikaendelea kupapasa vyuma. Chesisi ilikuwa imepakwa rangi nyeusi juzijuzi tu. Nikatoka, nikafunua zulia, nikapitisha vidole kwenye reli za kiti cha dereva. Vikatoka na tope la kijivu lililokauka, laini kama unga wa muhogo, na ndani yake makapi ya mpunga. Sisi wa bondeni tunalijua tope hilo, maana maji yakiingia nyumbani na kutoka, ndilo tunalobaki tukilifagia. Gari lile lilikuwa limezama.

Nikamwekea muuzaji makapi yale kiganjani.

"Huyo mzee wako alikuwa anapetea mpunga ndani ya gari?"

Hakucheka tena. Shemeji akanivuta mkono, eti namwaibisha mbele ya wanaume wenzake. Na aibike! Aliyetaka kuninunulia gari la mafuriko ni nani?

Pembeni kulikuwa na jingine, la kijani lililopauka, siti zimechanika, mlango mmoja umebonyea. Nilikaa uvunguni mwake mpaka mgongo ukauma. Chesisi ilikuwa nzima. Nikalichukua hilo, nikaliendesha mwenyewe, shemeji kanuna pembeni yangu.

Tulipopita Mang'ula, tukikaribia kwetu, ndipo akafungua mdomo. Kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, akaomba nimpishe, aingie nalo mjini yeye. Alisema Kibaoni watu wamejaa saa hizi, watatuona. Nilimwelewa vizuri sana: akionekana yeye kwenye usukani, kesho wakulima wa Masagati watampigia simu yeye.

"Shemeji," nilimjibu, "nataka watuone."

Kibaoni nikashusha kioo, nikapunguza mwendo.