Uwanja wa Kichuguu wa Kwandu Maduhu

Wachezaji wapya wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya chuo kikuu chetu, tawi la Biharamulo, huvua viatu siku ya kwanza ya mazoezi. Nyuma ya goli la kaskazini kuna kipande cha udongo, kidogo kama mkeka, ambacho hakikuwekwa saruji. Kila mmoja hukikanyaga kwa zamu, ndipo hupewa jezi. Nami nilikikanyaga bila kujua sababu. Nilipohitimu nilimtafuta mwenye sababu hiyo, nikamkuta Kibimba, wilayani Ngara, anafundisha hisabati na kufuga ng'ombe watatu. Jina lake ni Kwandu Maduhu.

Kwandu alizaliwa Nemba, katika familia iliyohamia huko na mifugo yake kutoka Shinyanga. Alipojiunga na chuo mwaka 2012 kulikuwa na uwanja mmoja tu wa saruji, na wanaume waliutumia kila siku mpaka jua linazama. Wasichana kumi na mmoja walioupenda mchezo huo walikaa pembeni wakirudisha mipira iliyotoka nje.

Mwezi Juni mwaka uliofuata, walimwomba mwalimu wa michezo, Leonidasi, awaandikishe kwenye mashindano ya vyuo. Hakuwakatalia, ila aliwaeleza kwamba hawezi kuandikisha timu isiyo na mahali pa kufanyia mazoezi. Majina yalitakiwa baada ya siku kumi na mbili. Wakichelewa, wangesubiri mwaka mzima, na mchezaji wao bora, Bernadetha, alikuwa anahitimu.

Kwandu akasema watatengeneza uwanja wao. Nyuma ya bweni kulikuwa na kichuguu kikubwa. Kwao Nemba, kila mwaka hubomoa kichuguu, husambaza udongo wake na kuusiriba kwa mavi ya ng'ombe, wakapata kiwanja cha kupuria mtama kilicho kigumu kama sakafu. Aliwahakikishia wenzake kwamba kazi hiyo anaijua tangu utoto.

Wakachimba, wakasambaza, wakasiriba. Mavi waliyaomba kwa wafugaji wa jirani na kuyabeba kwa ndoo. Nahodha wa wanaume, Privatus, alipita akiwa ameziba pua.

"Dada zetu, mnajenga uwanja au zizi?"

"Zizi," Bernadetha alimjibu. "Likiisha tutakufungia humo."

Siku ya tano uwanja ulipasuka. Nyufa zilikuwa pana kiasi cha kuingiza vidole, na mpira uliodundishwa ulitimua vumbi ukabaki palepale. Wenzake hawakumlaumu Kwandu, na hilo lilimuuma zaidi. Alimpigia simu mama yake, Rozina, akamwamkia na kumweleza yote. Mama alicheka kwanza.

"Mlikanyaga siku ngapi kabla ya kusiriba?"

"Hatukukanyaga," Kwandu alisema.

"Ndiyo maana. Siku za kukanyaga ulikuwa unajificha na vitabu vyako, mwanangu. Wewe umeiona siku ya mavi tu."

Ilikuwa kweli. Udongo humwagiwa maji kwanza, kisha watu wengi huukanyaga kwa miguu mitupu, siku baada ya siku, mpaka ushikamane. Mavi huja mwisho, tena kwa tabaka jembamba. Jioni ileile Kwandu aliwakusanya wenzake, akakiri kwamba alijisifia kazi ambayo nusu yake hakuwahi kuifanya.

Walianza upya zikiwa zimebaki siku saba. Watu kumi na mmoja hawakutosha, hivyo Bernadetha alipita chumba kwa chumba. Jumapili, baada ya ibada, walikuja wasichana zaidi ya sitini, wengine hawajawahi kushika mpira. Waliimba nyimbo za Kisubi, za Kihangaza na za Kisukuma kwa zamu, na asiyejua maneno alifuata kwa miguu. Siku ya tatu ya kukanyaga Privatus alirudi. Hakuziba pua. Alianza kuvua viatu, lakini Kwandu akamzuia.

"Hapana, kaka. Huu tutaukanyaga wenyewe. Ukitaka kusaidia, chota maji."

Akachota maji mpaka jioni.

Siku ya mwisho Leonidasi alikuja na fomu na mpira. Alisema mpira ukidunda na kufika kiunoni, atasaini. Aliuinua juu ya kichwa, akauachia. Kwandu anasema hakuutazama mpira, aliitazama mikono ya mwalimu. Mpira ulifika kifuani, na mwalimu akaudaka. Alijaribu tena kwenye pembe zote nne, kama mtu anayetafuta ufa, kisha akasaini na kumpa Kwandu kalamu.

"Andika majina wewe. Hiyo ni kazi ya nahodha."

Mwaka huo walifungwa mechi zote nne. Miaka mitano baadaye timu ilileta kombe la kwanza, na leo kabatini yamo manne. Uwanja ule uliwekwa saruji mwaka 2019, na Kwandu, akiwa tayari mwalimu Kibimba, aliandika barua ya kuomba kipande kimoja kiachwe.

Nilimuuliza anajivunia kombe lipi. Aliingia ndani, akarudi na nakala ya fomu ile, iliyofifia kwenye mikunjo. Majina kumi na moja yameandikwa kwa mkono wake, na lake ni la mwisho.

"Nilianza na Bernadetha," alisema. "Ndiye aliyekuwa anaondoka."