Taa ya Maji Siku ya Kumpeleka Mama Bukoba

Harufu ya rejeta leo imenirudisha kimawazo kijijini Kishanda, siku tuliyompeleka mama kujifungua Bukoba. Uchungu ulikuwa umeshamshika, na garini taa nyekundu ya maji ilikuwa inawaka.

“Inadanganya tu, bibi. Maji yamejaa,” dereva alisema.

“Fungua nione.”

Bibi, aliyekuwa anatusindikiza, alichovya kidole kwenye rejeta, akakuta maji, lakini hakuridhika.

“Siku ikisema kweli, utajuaje?”

Njiani alisali rozari, macho kwenye ile taa. Tulipokaribia Kanazi ikazimika yenyewe.

“Simama!” bibi alipiga kelele. “Mbona imezimika?”

“Mama, mwache aendeshe!” mama alilia kutoka nyuma.

Tulifika, namshukuru Mungu. Mama alipojifungua, nesi alisema mtoto ni mzima. Bibi alimfunua, akamkagua mwenyewe, kidole kimoja kimoja.