Barua Haina Miguu

Zakia, fundi wa kushona kanzu pale Nyamagana, hakuwa mtu wa kununa. Akikasirika anasema, na akisema unakoma. Kwa baba yake mdogo Jumbe tu ndiko alikonyamaza miaka yote, maana kila alipoilalamikia ndoa aliyomwozesha, mzee alimjibu: "Si ulikubali mwenyewe, na akili zako timamu?"

Na kweli alikubali. Alikuwa yatima wa miaka kumi na tano, analelewa na Jumbe, kamaliza darasa la saba, kaambiwa hakuchaguliwa sekondari. Mchumba ana duka Buzuruga. Akapima, akili ikasema ndiyo, naye akasema ndiyo. Mume akampiga miaka tisa mpaka walipoachana.

Mwaka jana mke wa Jumbe, akiwa kitandani mgonjwa wa kufa, alimnong'oneza Zakia: barua ya sekondari ilikuja. Jumbe aliichoma jikoni.

Sasa Jumbe anakwenda hija, na mwenye kwenda hija huomba radhi kwa aliowakosea. Akamtanguliza bintiye, Yasmin.

"Dada, msamehe. Mzee ana miaka themanini, ukoo unakutazama, na kinyongo kinakula wewe mwenyewe. Sababu zote ziko upande mmoja."

"Zikiwa zote upande mmoja, mimi nachagua nini hapo? Mbona kama nasukumwa?"

"Hakuna anayekusukuma. Aliye huru ni yule anayeona lililo sawa akalifuata. Asiyefuata akili si huru, ni kichaa."

"Hata siku ile niliifuata akili, mdogo wangu. Ila nusu yake ilikuwa imeshaungua jikoni kwenu. Mwambie nakuja kwenye dua ya kumuaga. Aseme alichofanya, mbele ya watu, radhi ataipata palepale."

Siku ya dua Zakia alikaa mbele kabisa. Alimpa mzee shikamoo yake, maana adabu haikumkosea kitu.

"Zakia mwanangu," Jumbe akaanza, "uniwie radhi. Ile barua yako ya shule ilipotea."

"Ilipotea? Barua haina miguu, baba mdogo."

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

"Basi iliungua."

"Na moto hauna mikono. Sema: niliichoma."

Shehe akamwinamia mzee. "Sema tu, upate wepesi."

Neno moja, na radhi ni yake. Kila chenye maana pale ukumbini kilimwambia sema. Zakia akaikazia macho midomo ya mzee. Utamu wa kuiona ikifunguka alikuwa ameusubiri kuliko pilau.

Mzee akakohoa. Akavaa kofia, akasema gari linachelewa, akatoka.

Yasmin akamgeukia, machozi yanamlengalenga. "Umefurahi sasa?"

"Mno," akasema Zakia, akivuta sinia karibu. "Mimi nilichagua sijui. Yeye kachagua anajua. Aende nalo kosa lake."